Gil Hodges, Aliyeombewa Kanisani ili Agonge Mpira



Kule Marekani, siku ya kufungua msimu wa besiboli ni kama sikukuu. Tangu Rais Taft mwaka 1910, marais wengi wamekwenda uwanjani kurusha mpira wa kwanza. Watu wanatoroka kazini. Timu zote zinaanzia sifuri, hivyo hata ile mbovu kabisa inaruhusiwa kuota. Na mara nyingi siku hiyo inaangukia karibu na Pasaka.

Gil Hodges alizaliwa 4 Aprili 1924 huko Indiana, baba yake mchimba makaa ya mawe. Vita Kuu ya Pili ilimpeleka Okinawa kama askari, kisha akarudi kuchezea Brooklyn Dodgers, pamoja na Jackie Robinson, yule mchezaji mweusi aliyevunja ubaguzi wa ligi kuu siku ya ufunguzi ya mwaka 1947. Hodges akaoa binti wa Brooklyn, akakaa hukohuko, mtaa mmoja na mashabiki wake.

Sasa sikia. Oktoba 1952, fainali ya mechi saba. Hodges, mpigaji tegemeo, anashika gongo mara 21 na hapati hata moja. Sifuri! Mashabiki wa New York siyo watu wa huruma, ila huyu hawakumzomea. Msimu wa 1953 ukafunguliwa, hali ni ileile. Mei kocha akamweka benchi. Watu wakamtumia barua, rozari na medali. Jumapili moja padre wa parokia ya St. Francis Xavier, Brooklyn, aliona joto limezidi mno kuhubiri, akawaambia waamini waende nyumbani, washike amri za Mungu na wamwombee Gil Hodges. Basi, mahubiri yakaisha. (Naomba neema ya ufupi huo nikipata daraja.)

Msimu huo alimaliza na homurani 31. Mtu atauliza: ni sala, au ni kocha aliyempiga picha na kumwonyesha kwamba anasimama vibaya? Mimi sioni kwa nini tuchague. Mtakatifu Thomas anafundisha kwamba Mungu hutenda pia kupitia visababishi vya kawaida, na kocha mwenye kamera ni kimojawapo.

Mwaka 1955 Dodgers walichukua ubingwa wao wa kwanza wa dunia kwa 2–0, na pointi zote mbili zilitokana na gongo la Hodges.

Baadaye akawa kocha wa New York Mets, timu iliyokuwa kichekesho. Tangu ianzishwe 1962 ilikuwa imepoteza kila siku ya ufunguzi. Ya 1969 nayo wakapoteza, 11–10, tena kwa Montreal, timu iliyokuwa inacheza mechi yake ya kwanza kabisa! Oktoba hiyohiyo Mets wakawa mabingwa wa dunia.

Tarehe 2 Aprili 1972, Jumapili ya Pasaka, Hodges alikuwa Florida akijiandaa kwa msimu mpya. Akitoka kucheza gofu na wasaidizi wake, moyo ukasimama. Zilibaki siku mbili atimize miaka 48. Robinson, mwenyewe mgonjwa, alikuja kumzika Brooklyn.

Mgomo wa wachezaji ulichelewesha ufunguzi mwaka ule. Ulipofika, 15 Aprili, Mets waliingia uwanjani na kitambaa cheusi mkononi.