MAISHA YA GEORGE WASHINGTON CARVER, MGANGA WA UDONGO ULIOCHOKA

Wanafunzi wenzetu, jina la Carver linajulikana, lakini watu wengi wakilisikia wanafikiri karanga tu. Karanga ilikuja nyuma. Kazi yake ya kwanza ilikuwa udongo, na dawa yake ilikuwa takataka. Ndiyo habari tunataka kueleza hapa.

Alizaliwa mtumwa karibu na mwaka wa 1864, pale Diamond katika jimbo la Missouri, inchi ya Marekani. Siku yake ya kuzaliwa haikuandikwa, maana mtoto wa mtumwa alihesabiwa sawa na mali ya shamba. Mama yake, Mary, alikuwa wa Bwana Moses Carver na bibi yake Susan. Wakati wa vita ya wenyewe kwa wenyewe, wanyang'anyi walimkamata Mary pamoja na mtoto, wakaenda nao mbali. Bwana Moses alituma mtu kuwatafuta. Yule mtu alirudi na mtoto peke yake, mgonjwa wa kukohoa, akalipwa farasi mmoja. Mama hakuonekana tena hata siku moja.

Mtoto alikuwa zaifu, hakuweza kazi ya shamba sawa na kaka yake Jim. Basi alibaki nyumbani na Mama Susan, akajifunza kupika, kushona na kufula nguo. Ile kazi ya kufula ndiyo ilimlisha baadaye miaka mingi ya masomo. Tena alikuwa na bustani yake ndogo porini, na majirani walimletea maua yenye ugonjwa ili ayaponyeshe.

Shule ya pale Diamond ilikuwa ya wazungu tu. Akaenda kwa miguu mpaka Neosho, zaidi ya kilometa 10, akapokelewa na Mama Mariah Watkins, mkunga, aliyempa Biblia. Kisha alihamahama katika jimbo la Kansas. Mwaka wa 1879, pale Fort Scott, aliona kundi la watu likimwua mtu mweusi barabarani, akaondoka mji ule. Alimaliza sekondari, akaomba nafasi katika chuo kimoja kwa barua, wakamkubali. Siku alipofika, wakaona rangi yake, wakamrudisha. Mwaka wa 1890 alianza kusoma uchoraji katika chuo cha Simpson, jimbo la Iowa. Mwalimu wake, Etta Budd, aliona kwamba huyu kijana anachora mimea kwa ginsi anavyoijua mpaka ndani, akamshauri aende chuo cha kilimo cha Ames. Alifika huko mwaka wa 1891, mwanafunzi mweusi wa kwanza. Alipata diploma yake mwaka wa 1894 na nyingine ya juu mwaka wa 1896. Pale Ames angeweza kukaa vizuri na kufundisha. Lakini mwaka ule ule Booker T. Washington alimwita Tuskegee, katika jimbo la Alabama, kwenye shule ya watu weusi, naye akakubali.

Sasa tufike kwenye udongo wenyewe.

Alabama ilikuwa inchi ya pamba. Pamba mwaka huu, pamba mwaka ujao, pamba mpaka kwenye mlango wa nyumba. Watumwa waliokuwa wamepewa uhuru hawakupewa mashamba. Walilima ya wengine na kugawana mavuno na mwenye shamba, na vyakula vya nyumbani walivichukua kwa deni dukani. Mwenye duka alitaka pamba tu, maana pamba inauzwa upesi. Kwa hiyo mtu hakuwa na ruhusa ya kupumzisha shamba hata akiona kwamba linakufa. Pamba ilikula chakula cha udongo na hakuna kitu kilichorudishwa. Mvua ikanyesha juu ya udongo mtupu, ikachimba mifereji, ikabeba kilichobaki. Mavuno yakapunguka, deni likaongezeka. Wengine walinunua mbolea ya magunia, nayo kwa deni. Ndiyo shida Carver alikuta. Kwa mawazo yetu ilikuwa utumwa wa pili, hapana wa mnyororo, wa daftari.

Shule ilimpa shamba la majaribio la hekta 4 hivi, udongo mbaya kabisa. Labo hakuna. Alituma wanafunzi wake kwenye majaa ya taka kuokota chupa, mitungi iliyovunjika na vyuma vya kale, wakatengeneza nayo vyombo vya kupimia. Carver alikataa kufundisha kitu ambacho mkulima mwenye deni hawezi kufanya. Mbolea ya kununua ilimwongeza mtu deni. Basi akatafuta mbolea ya bure.

Aliiona kwenye msitu na kwenye kinamasi. Nani analeta mbolea msituni? Hakuna mtu, na bado miti inaota. Majani yanaanguka, yanaoza, yanarudi kuwa udongo. Akafundisha watu kujenga boma la miti, kuweka mizigo miwili ya majani na potopoto nyeusi ya kinamasi, juu yake mzigo mmoja wa mavi ya ngombe, kisha kuanza tena mpaka boma lijae. Juu walijenga paa ndogo, maana mvua nyingi inafua mbolea na kuibeba ile nguvu yake. Lundo likae hivyo wakati wa baridi wote, mpaka kupanda. Vitu vya nyumbani pia viliingia: majivu, maganda, hata vitambaa vilivyochakaa. (Na sisi je, maganda ya mihogo na ya ndizi ya jikoni yetu yanaenda wapi?)

Ya pili ilikuwa kunde. Mwaka wa 1886 Mjerumani Hellriegel alionyesha kwamba mimea ya jamaa ya maharagi inapata azoti ya hewa kwa msaada wa vijidudu vinavyokaa katika mizizi. Ungoa mmea wa kunde taratibu utaona vidonge vidogo kwenye mizizi. Pasua kimoja, kikiwa chekundu-chekundu ndani, kinafanya kazi. Carver alipanda kunde, kisha viazi vitamu, kisha pamba, kwa zamu, akalima chini zaidi, na lile shamba baya likaanza kuzaa. Tena kunde yenyewe inatoka Afrika. Ilivuka bahari wakati wa biashara ya watumwa. Kwa hiyo mmea wa babu zao ndio uliponyesha shamba la wajukuu.

Lakini mkulima asiyejua kusoma hafaidiki na kitabu. Carver aliandika vijitabu kwa maneno rahisi, na wakulima walikuja shuleni kukutana naye. Wasiofika, aliwafuata. Mwaka wa 1906 gari lilitengenezwa kwa msaada wa tajiri Morris Jesup, likakokotwa na nyumbu, limebeba jembe, mbegu na vyombo vya kuonyesha. Lilikuwa shule yenye magurudumu.

Tusimfanye malaika. Washington alimkabizi pia kazi ya kuku, na mambo ya kuku hayakuenda vizuri. Hao wawili waligombana miaka mingi. Walimu wengine walinungunika alipoomba vyumba viwili, kimoja cha mimea yake.

Karanga nayo ilifuata njia ya kunde, maana ina vile vidonge katika mizizi. Mdudu wa pamba alipoingia Alabama karibu na mwaka wa 1910, watu wengi walitafuta zao lingine. Lakini karanga nyingi bila soko ni hasara, ndiyo sababu Carver alitafuta matumizi yake, zaidi ya 100 katika kijitabu cha mwaka wa 1916. Mwaka wa 1921 alisema mbele ya wabunge wa Marekani, na jina lake likaenea dunia yote. Watu wanasema alivumbua siagi ya karanga, si kweli. Vitu vingi vya ile orodha havikufika sokoni. Kwetu tunaona boma lake la majani lilisaidia maskini kupita ile orodha yote.

Hakuoa. Alivaa koti la kale na ua kifuani. Alikufa tarehe 5 Januari 1943, akazikwa Tuskegee kando ya Washington, yule aliyegombana naye juu ya kuku. Akiba yake, karibu dola 60,000, aliiacha kwa kazi ya utafiti palepale.