Mwalimu Nyerere na Adui Umaskini



Kila ifikapo Oktoba tunasikia sana habari za Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, na mara nyingi ni sifa tupu. Sisi wa Jimbo la Musoma tunamwita Mtumishi wa Mungu, kwa kuwa mchakato wa kumtangaza mwenye heri ulifunguliwa jimboni kwetu mwaka 2005. Katika makala hii nitaeleza upande mmoja tu wa maisha yake: alivyohangaika na umaskini na njaa ya watu wake, pale alipowasaidia na pale alipowaumiza. Naandika nikiwa mtoto wa Robanda, wilaya ya Serengeti, ambako jambo hili halijawa historia ya vitabuni tu.

Alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki na mke wake wa tano, Mgaya wa Nyang'ombe. Mvua ilinyesha siku hiyo, akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Alichunga mbuzi kama watoto wengine, akaanza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934 akiwa na miaka 12. Baadaye alikwenda Tabora, kisha Makerere. Alibatizwa tarehe 23 Desemba 1943 katika misheni ya Nyegina, akachukua jina la Julius. Alifundisha St. Mary's, Tabora, halafu akaenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, alikohitimu mwaka 1952. Huko alisoma historia na uchumi, na pia filosofia ya maadili. Sisi mafrateri wa filosofia tunapolalamika kwamba masomo yetu hayalishi mtu, tukumbuke hilo.

Habari za TANU na Uhuru zinafahamika, sitazirudia. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1961 aliwataja maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Wiki chache baadaye, Januari 1962, alijiuzulu uwaziri mkuu ili azunguke vijijini kukijenga chama na kuwasikiliza watu. Viongozi wachache sana wamewahi kuacha kiti kipya namna hiyo.

Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, hasa makato ya mishahara yao. Aliwafukuza chuoni. Lakini pia alikubali kwamba mishahara ya wakubwa ilikuwa mikubwa mno kwa nchi maskini, akaupunguza wa kwake kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye, Februari 1967, likatangazwa Azimio la Arusha. Kiongozi hakuruhusiwa kuwa na mishahara miwili, wala hisa katika kampuni, wala nyumba ya kupangisha. Mama Maria alikuwa na mradi wa kuku, akauacha.

Mwaka huohuo Mwalimu alimwalika René Dumont, mtaalamu wa kilimo kutoka Ufaransa aliyejulikana kwa kuzikosoa bila woga serikali mpya za Afrika, aje kuchunguza kilimo cha Tanzania. Nalitaja hili kwa sababu wapo wanaodhani Mwalimu aliongozwa na ndoto tu. Alikuwa msomaji wa taarifa na takwimu, na alipenda kuhojiwa. Oktoba 1970, akihutubia mkutano wa Masista wa Maryknoll huko New York, katikati ya nchi tajiri kuliko zote, alieleza kwamba umaskini unatokana na namna watu walivyopanga uchumi wao, na kwamba Kanisa lisiposimama na maskini katika kuibadili mipango hiyo, watu wataliona ni mwenzi wa wanaowakandamiza. Waliomsikiliza hawakuwa wageni kwa Mara. Mapadre wa Maryknoll walikuwa wanafanya kazi Musoma tangu mwaka 1946.

Tatizo lilikuwa vijiji. Mwalimu aliamini kwamba huwezi kupeleka bomba, zahanati na shule kwa watu waliotawanyika, kila kaya kilima chake. Hesabu hiyo ni ya kweli. Katika maandishi yake ya mwaka 1967 alisisitiza kwamba ujamaa hauwezi kulazimishwa, na mfano wake mzuri ulikuwa vijiji vya Ruvuma, kama Litowa, ambavyo watu walivianzisha wenyewe. Septemba 1969 chama kilikivunja chama cha vijiji hivyo vya Ruvuma, naye hakuzuia. Kwa maoni yangu ndipo njia ilipopinda, kabla ya Operesheni yenyewe.

Novemba 1973 ilitoka amri: kufikia mwisho wa mwaka 1976 kila mtu wa vijijini awe anaishi kijijini, atake asitake. Mkoa wetu wa Mara, mkoa wake wa kuzaliwa, ulifikiwa na Operesheni mwaka 1974. Watu walipakiwa kwenye malori pamoja na vyombo vyao. Sehemu mbalimbali za nchi nyumba zilibomolewa au kuchomwa ili wenyewe wasirudi. Kufikia mwaka 1977 watu wapatao milioni 13 walikuwa wanahesabiwa katika vijiji. Hadi wakati huo, katika bara hili hakukuwa na uhamisho mkubwa kama huo ambao nchi huru iliwahi kuwafanyia raia wake.

Kwa watu wa eneo letu huo haukuwa uhamisho wa kwanza kuufikiria. Hifadhi ya Serengeti ilitangazwa mwaka 1951, na nchi ambayo Waikoma walikuwa wanawinda na kuchunga ikawa nyuma ya mpaka. Halafu ukaja mpango wa kupanga nyumba mistari, mashamba yakabaki mbali. Mtu wa mjini haoni ubaya wa shamba la mbali. Anayeishi pembezoni mwa hifadhi anajua kwamba shamba usiloliona ukiwa nyumbani umelimia tembo. Na makaburi ya wazee yaliachwa kwenye mahame, jambo ambalo hakuna ripoti ya uchumi inayolihesabu.

Miaka hiyohiyo ilikuwa ya ukame. Mavuno ya 1974 na 1975 yalikuwa mabaya, serikali ikamaliza fedha za kigeni kununua mahindi na ngano nje, na ikatangazwa kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona. Wataalamu wanabishana hadi leo: njaa ilitokana na jua au na Operesheni? Mimi naona vyote viwili. Jua halikuamriwa na mtu, lakini kumhamisha mkulima anapotakiwa kuwa shambani kuliamriwa.

Haki inatudai tuseme na upande wa pili. Novemba 1974 viongozi walikutana Musoma wakaazimia kwamba ifikapo 1977 kila mtoto wa umri wa shule aandikishwe. Mwaka 1973 kampeni ya redio ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi, wakisikiliza na kuchimba vyoo. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai, kuhusu lishe. Mwaka 1967 karibu theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma. Miaka 20 baadaye hao walikuwa wachache. Bibi anayesoma Misale leo akiwa amevaa miwani, huenda alijifunzia kwenye kisomo.

Mwaka 1977 Mwalimu alifanya jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko Azimio lenyewe. Aliandika taarifa ya miaka 10 ya Azimio la Arusha, akaisoma mbele ya chama chake. Alieleza kwamba nchi haijawa ya kijamaa wala haijajitegemea, kwamba kilimo hakijafikia lengo, kwamba mashirika ya umma yanafanya kazi vibaya. Mwaka 1984 alikiri pia kwamba kuvunja serikali za mitaa na vyama vya ushirika lilikuwa kosa. Vyote vilirudishwa. Kuhusu waliohamishwa kwa nguvu hakuomba radhi kwa uwazi huohuo. Katika fadhila nne za msingi, naona mwaka 1973 alipungukiwa busara, ile inayochunguza kabla ya kutenda. Unyenyekevu wa 1977 ulikuja nyumba zikiwa zimeshaanguka.

Alistaafu urais mwaka 1985, akarudi Butiama kulima. Mwaka 1987 alipewa uenyekiti wa Tume ya Kusini, iliyofanya kazi Geneva na kuchunguza kwa nini nchi maskini zinabaki maskini. Katibu mkuu wake alikuwa Manmohan Singh, aliyekuja kuwa waziri mkuu wa India. Ripoti yao ilitoka mwaka 1990. Ililaumu mfumo wa dunia, lakini pia iliziambia nchi maskini kwamba maendeleo hayaji pasipo wananchi wenyewe kushiriki na kuamua. Nikilisoma hilo nafikiri juu ya malori ya 1974.

Mwalimu alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama tarehe 23. Sasa maisha yake yanachunguzwa na Kanisa, na utaratibu wetu unataka wasikilizwe wenye kumsifu na wenye malalamiko pia. Aliyekuwa na miaka 20 wakati wa Operesheni leo amevuka 70.