Pierre Budin, daktari aliyejiuliza mtoto njiti ataishije akifika nyumbani

Kila asubuhi tukipita wodini, mama wa mtoto njiti huwa na swali moja: tunarudi nyumbani lini? Ana haki ya kuuliza. Ameacha watoto wengine Kongwa au Mpwapwa, na hela ya chakula inaisha. Wengi wanaamini jibu liko kwenye mizani, kwamba mtoto akifika kilo mbili basi safari imeiva. Wiki hii nawaletea maisha ya daktari aliyependa sana mizani, lakini akatufundisha kuwa peke yake haitoshi.

Pierre Budin alizaliwa Novemba 1846 katika kijiji cha Énencourt-le-Sec, Ufaransa. Alisomea udaktari Paris na kubobea katika uzazi, mwalimu wake akiwa Stéphane Tarnier. Enzi hizo mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake alihesabiwa kuwa ni wa kufa tu. Tarnier aliona mashine ya kutotolea vifaranga katika bustani ya wanyama, akaagiza itengenezwe ya aina hiyo kwa ajili ya watoto. Ilipoanza kutumika katika hospitali ya Maternité, mwanzoni mwa miaka ya 1880, vifo vya watoto wenye uzito chini ya gramu 2,000 vilishuka kutoka asilimia 66 hadi 38.

Budin hakuishia hapo. Aliona kwamba watoto waliotoka hospitali wazima walikuwa wanakufa nyumbani, wengi kwa kuharisha, hasa waliopewa maziwa ya ng'ombe yasiyo safi. Mwaka 1892 alifungua kliniki katika hospitali ya Charité. Mama aliyejifungulia pale alirudi na mwanawe mara kwa mara, mtoto akapimwa uzito na mama akahimizwa kunyonyesha. Asiyekuwa na maziwa ya kutosha alipewa yaliyochemshwa kuua vijidudu. Kliniki tunazopeleka watoto leo tukiwa na kadi mkononi zinafuata njia hiyo hiyo.

Mwaka 1895 alikabidhiwa wodi ya watoto dhaifu pale Maternité. Huko aliona kuwa maisha ya njiti yanategemea mambo matatu: joto la mwili, chakula na kukingwa na maradhi. Asiyeweza kunyonya alilishwa kwa mpira mwembamba hadi tumboni, na uzito wake uliandikwa kila siku. Akaona pia jambo la nne. Mama aliyetenganishwa na mtoto wake muda mrefu hukaukiwa maziwa, na moyo wake nao hupoa. Kwa hiyo alitaka mama awe karibu na anyonyeshe.

Mafunzo hayo aliyachapisha katika kitabu mwaka 1900, na mwaka 1902 akashiriki kuanzisha chama cha kupambana na vifo vya watoto wachanga. Alifariki Marseille Januari 1907 kwa homa ya mapafu, akiwa na miaka 60.

Mwaka 1978, huko Bogotá, Colombia, daktari Edgar Rey Sanabria alikosa mashine za kutosha, akawafunga njiti vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Hiyo ndiyo kangaruu tunayoitumia leo.

Sasa turudi kwenye swali la asubuhi. Hospitali hupanga uzito wake, lakini tunaangalia mambo yale yale ya Budin. Je, joto la mtoto linabaki kati ya nyuzi 36.5 na 37.5 bila mashine? Je, ananyonya au anakunywa maziwa ya mama kwa kikombe, bila mpira, na uzito unapanda siku kadhaa mfululizo? Je, anapumua vizuri bila kusita, na hana dalili ya maambukizi? Je, mama anajiamini kumbeba kangaruu, na kuna ndugu wa kumpokea?

Usiku wa Dodoma kati ya Juni na Agosti una baridi na upepo. Mbebe kifuani mchana na usiku, apokezane nawe baba au bibi. Usimwekee jiko la mkaa chumbani. Moshi na hewa yake ni hatari. Wageni wenye mafua wasubiri. Rudi kliniki ndani ya wiki moja, hata kama mtoto anaonekana mzima. Akikataa kunyonya, akipumua kwa shida au kwa haraka, akiwa wa baridi au wa moto, akilegea, akipata degedege au akiwa wa manjano, usisubiri kuche. Mlete hospitali hapo hapo.

Mama akitusikia tukisema bado siku chache, asidhani tunamfunga. Tunataka akitoka na mwanawe, warudi kliniki wote wawili.

Tukutane wiki ijayo.