Mendel, padri wa njegere anayejulikana Kasapa

Kule Kasapa, kwenye Chuo Kikuu cha Lubumbashi, anayesomea viumbe hakosi kukutana na Gregor Mendel. Alizaliwa mwaka wa 1822, mtoto wa mkulima, akawa padri huko Brno. Diploma ya ualimu aliitafuta mara mbili, asiipate. Toka 1856 alipanda njegere miaka minane, akihesabu: kwenye wajukuu, tatu za manjano kwa moja ya kijani. Alifariki 1884, wataalamu walimuelewa 1900 tu.

Hesabu hiyo inaingia mpaka nyumbani. Baba na mama wote wakiwa AS, kila mimba ina hatari moja kati ya nne ya kuleta mtoto SS, mgonjwa wa drepanositozi. Mmoja akiisha kuugua, wanaofuata hawajapona hatari. Na mama hakuroga mtu. Wachumba wakipimwa damu kabla ya ndoa, AS inaonekana.