Arshile Gorky na Aproni ya Mamaye

Mchoraji anayejulikana ulimwenguni kwa jina la Arshile Gorky hakuitwa hivyo na wazazi wake. Alikuwa Vostanik Adoian, Mwarmenia aliyezaliwa mwanzoni mwa karne ya 20 katika kijiji cha Khorkom, kando ya Ziwa Van, chini ya milki ya Uthmania. Babaye alihamia Marekani mapema. Mwaka wa 1912 mamaye, Shushan, alimpeleka kwa mpiga picha ili baba huyo aliyekuwa ughaibuni apelekewe sura zao.

Mwaka wa 1915 mauaji ya halaiki ya Waarmenia yaliwafurusha makwao. Mama na watoto wakatembea hadi Yerevan. Huko, mwaka wa 1919, Shushan alikufa kwa njaa. Mwaka uliofuata kijana na dada yake mdogo wakafika Marekani.

Hapo ndipo alipojipa jina jipya na kudai kuwa jamaa ya Maxim Gorky, mwandishi wa Kirusi. Uongo huu una kichekesho ambacho wanafunzi wa fasihi hawatakosa kukiona: Gorky huyo naye alilibuni jina hilo, kwani alizaliwa Peshkov. Kwenye turubai, hata hivyo, hakudanganya. Picha ile ya 1912 aliipata tena, akaichora mara mbili na kuirudiarudia kwa miaka mingi. Mikono ya mama aliiacha kama iliyofutika, na maua ya aproni yake hakuyatia.

Maua hayo ni kana kwamba yalirejea mwaka wa 1944, katika mchoro wa kidhahania ambao anwani yake yaeleza jinsi aproni ya mama iliyotariziwa inavyokunjuka maishani mwake. Humo hamna mama wala aproni ya kuonekana kwa macho. Mna rangi nyepesi zilizoachwa zichuruzike, na maumbo yanayokaribia kuwa ua kisha yakakataa. Wapo waliomwona kuwa mwigaji tu wa Picasso na Miró. Ni kweli aliwaiga, tena kwa muda mrefu, lakini hukumu hiyo haiutoshi mchoro huu.

Januari 1946 karakana yake jimboni Connecticut iliungua pamoja na michoro mingi. Miezi michache baadaye akapasuliwa kwa ajili ya saratani. Juni 1948 alivunjika shingo katika ajali ya gari, na mkono wa kuchorea ukapooza kwa muda. Tarehe 21 Julai mwaka huo alijitoa uhai. Michoro miwili ya mama na mwana imehifadhiwa New York na Washington: mama ameketi, mvulana amesimama ubavuni pake.