Hans Meyer na Barafu ya Mlima Wetu

Katika kurasa hizi tumezoea kusimulia maisha ya wazee wetu. Mwaka huu tumemchagua mgeni. Karibu kila mtoto wa Marangu amefundishwa kwamba Hans Meyer alifika kilele cha Kibo mwaka 1889. Kazi aliyoifanya baada ya hapo haisimuliwi sana, nayo ndiyo inayotugusa leo.

Meyer alizaliwa Hildburghausen, Ujerumani, tarehe 22 Machi 1858, katika ukoo tajiri wa wachapishaji wa vitabu. Mwaka 1887 alipanda Kibo hadi kwenye ukuta wa barafu, akashindwa kuendelea. Mwaka 1888 alijaribu tena pamoja na Oscar Baumann, lakini vita vya Abushiri vilikuwa vimeanza. Walikamatwa, wakaachiwa baada ya kulipiwa fedha. Mwaka uliofuata akaja na Ludwig Purtscheller, mpanda milima kutoka Austria.

Mangi Marealle aliwapokea Marangu. Bila ruhusa yake, bila chakula cha vihamba vyetu na bila watu waliojua njia za msituni, wasingefika mbali. Wazee wetu humtaja Yohani Kinyala Lauwo, aliyefariki mwaka 1996, kuwa ndiye aliyewaongoza. Muini Amani wa Pangani alibaki kwenye baridi akilinda kambi ya juu. Tarehe 6 Oktoba 1889 Meyer na Purtscheller walifika kileleni. Meyer alikipa kilele jina la Kaisari Wilhelm, akachukua na jiwe kumpelekea. Alikuja wakati Afrika inagawanywa, naye alikuwa upande wa waliokuwa wakigawa. Hilo hatulifichi. Jina lile lilikoma, na sasa tunakiita Uhuru.

Mwaka 1898 Meyer alirudi pamoja na mchoraji Ernst Platz. Miaka tisa tu ilikuwa imepita, lakini aliona barafu imerudi nyuma, na pengo la barafu alilolijua limepanuka. Tena, mbali chini ya mahali barafu ilipokomea, alikuta matuta ya mawe na miamba iliyosuguliwa. Barafu nene hushuka polepole, ikisukuma mawe mbele yake kama greda. Ikiyeyuka, tuta hubaki kuonyesha ilikofika. Kwa alama hizo Meyer alitambua kwamba zamani za kale barafu ya Kibo ilishuka chini sana kuliko alivyoikuta, na kwamba hata nchi za joto zilipitia kipindi cha baridi kali. Aliyaandika hayo katika kitabu chake cha mwaka 1900.

Je, baridi hiyo ilikuwa ya Kilimanjaro peke yake? Mwaka 1903 alikwenda Ecuador, Amerika ya Kusini, kwenye milima ya Chimborazo na Cotopaxi, ambayo nayo ina barafu karibu na ikweta. Huko alikuta alama kama za kwetu. Tangu mwaka 1915 alikuwa profesa wa jiografia Leipzig. Alifariki tarehe 5 Julai 1929.

Wengine waliendeleza kazi hiyo. Mwaka 1912 Fritz Klute alipima barafu yetu na kuichorea ramani. Kwa kulinganisha na vipimo vyake tunajua kwamba zaidi ya asilimia 80 ya barafu ya wakati ule imetoweka. Mwaka 2000 Lonnie Thompson wa Marekani alitoboa barafu ya Kibo. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2002 yalikadiria kuwa barafu ya chini kabisa ina umri wa miaka 11,700 hivi, na yalionyesha dalili za ukame mkubwa wa miaka 4,000 iliyopita.

Ndugu zetu, barafu hatutairudisha kwa michango. Lakini maji ya mifongo yetu hutegemea zaidi mvua na ukungu unaonaswa na msitu kuliko barafu, na msitu tunao uwezo wa kuulinda. Meyer alitambua mabadiliko kwa sababu alirudi palepale, akalinganisha, akaandika. Babu zetu waliujua mlima huu kuliko yeye, lakini mengi waliyoyajua hayakuandikwa, na tumeyazika pamoja nao.

Kwa hiyo michango ya mwaka huu itanunua miche ya miti ya asili ya kupanda kwenye vyanzo vya maji, itakarabati mifongo iliyobomoka, na itazipatia shule zetu za msingi vipima mvua na madaftari, ili wanafunzi waandike mvua ya kila siku.

Tunaomba na jambo moja lisilohitaji fedha. Desemba tukipanda nyumbani, kila ukoo ukae na mzee wake na kuandika: mfongo wetu unaanzia wapi, ulichimbwa na nani, chemchemi ipi imekauka na tangu lini. Maandishi hayo yaletwe pamoja na mchango. Wajukuu zetu watahitaji mahali pa kuanzia kulinganisha.