Edgar F. Codd

Edgar Frank Codd (19 Agosti 1923 – 18 Aprili 2003) alikuwa mwanahisabati na mwanasayansi wa kompyuta kutoka Uingereza. Anajulikana hasa kwa kubuni muundo wa hifadhidata za uhusiano, ambao ni msingi wa hifadhidata nyingi zinazotumika leo.

Maisha

Alizaliwa katika kisiwa cha Portland, Dorset. Alisoma hisabati na kemia katika Chuo Kikuu cha Oxford, na wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alikuwa rubani wa jeshi la anga. Mwaka 1948 alihamia Marekani akaajiriwa na kampuni ya IBM. Mwaka 1953 aliondoka kwenda Kanada kwa kuchukizwa na msako wa kisiasa wa seneta Joseph McCarthy. Baadaye alirudi Marekani, akapata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1965.

Muundo wa uhusiano

Wakati ule, aliyetaka habari kutoka hifadhidata alipaswa kuandika programu iliyofuata njia hatua kwa hatua hadi mahali zilipohifadhiwa. Mpangilio ukibadilika, programu ilikwama. Katika makala ya mwaka 1970, Codd alipendekeza data ziwekwe katika majedwali: mtumiaji aseme anachotaka, na kompyuta yenyewe itafute njia.

IBM haikuharakisha kuuza mfumo wa aina hiyo, kwa sababu ilipata mapato makubwa kutokana na mfumo wake wa awali, IMS. Tena, wengi walishuku kama kompyuta ingeweza kuchagua njia vizuri kama mtaalamu.

Jibu lilitoka katika mradi wa System R wa IBM huko San Jose. Mwaka 1979 Patricia Selinger na wenzake walieleza jinsi mfumo huo ulivyotunza takwimu za kila jedwali, kama vile idadi ya safu na ya kurasa zilizojazwa katika diski. Kwa takwimu hizo ulikadiria gharama ya kila njia na kuchagua iliyo nafuu. Takwimu hazikubadilishwa kila safu ilipoongezwa au kufutwa, maana hilo lingewachelewesha watumiaji; zilisasishwa baada ya muda kwa amri maalumu. Hifadhidata za leo bado hutegemea takwimu za namna hiyo.

IBM ilianza kuuza hifadhidata ya uhusiano mwaka 1981, ikiwa imetanguliwa na kampuni inayoitwa leo Oracle.

Tuzo na kifo

Codd alipewa Tuzo ya Turing mwaka 1981. Aliondoka IBM mwaka 1984, na mwaka 1985 alitoa kanuni zake maarufu za kupima kama mfumo ni wa uhusiano kweli. Alifariki Florida akiwa na umri wa miaka 79.